Kumjua Mtoto

Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 bila kazi. Mumewe, Leonard, ndiye aliyepata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Yeye, mwanasaikolojia aliyepata uzamivu Toronto mwaka 1939 na kufanya kazi na daktari wa akili John Bowlby huko London, alimfuata. Alikusudia kuchunguza mtoto anavyoumia akiachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi. Kumbe vijijini desturi hiyo ilikuwa imefifia. Akaliacha swali lake, akaanza kukaa na watu na kutazama.

Alizitembelea familia 26 zenye watoto 28, kila baada ya wiki mbili hivi, saa mbili kwa kila ziara, akisaidiwa na Katie Kibuka aliyemfasiria. Kitabu chake kuhusu ziara hizo kilitoka mwaka 1967. Watoto 16 aliwaona wametulia: wanatambaa mbali na mama, wanageuka kumwangalia, wanaendelea na mchezo. Saba walilia sana, hata wakipakatwa. Watano walikuwa bado hawajashikamana na mama. Aliposaka sababu, wingi wa walezi haukueleza tofauti hiyo. Kilichojitokeza ni kwamba mama wa watoto waliotulia walikuwa wasimulizi hodari wa watoto wao. Mama wa namna hiyo ukimuuliza habari za mwanawe, anakupa za mwanawe huyo, si za watoto kwa jumla.

Dunia inamkumbuka Ainsworth zaidi kwa kile chumba cha majaribio huko Baltimore, ambamo mama hutoka, mgeni akaingia, na mtoto akapimwa kwa dakika 20 hivi. Mimi naona jambo zito aliliacha Uganda. Huwa tunadhani mapenzi ni hisia inayokaa moyoni, na kumjua mtu ni kazi nyingine, ya akili. Wale akina mama wanaonyesha kwamba kwa mtoto mchanga mambo haya mawili hayatengani. Mtoto hazioni hisia za mama. Anachokipata ni mkono unaofika kwa wakati, na mkono haufiki kwa wakati ila uwe wa mtu anayejua kilio hiki ni cha nini. Kweli, hata askari jela humjua mfungwa wake. Lakini yeye humjua ili amzuie. Mama humjua mtoto ili aweze kumwachia aende.

Sasa tuje Gazi, kijiji cha pwani ya Kenya. Maji yakipwa, mama anaweza kuwa ameingia mikokoni au ameketi uani anashona makuti, na mtoto yuko kiunoni mwa dada yake wa miaka minane. Mtoto analia. Dada anamhamisha ubavu wa pili, haisaidii. Bibi, bila kuinua macho kwenye mchele anaochagua, anasema: “Mlaze huyo, mwanangu. Si njaa, ni usingizi. Akiwa na njaa hukunja ngumi.” Mtafiti akija na fomu yake atamuuliza mama peke yake, na mama huenda akajibu kwa mkato. Ataandikwa kuwa hamjui mwanawe. Ujuzi upo, tena mwingi, ila umegawanyika baina ya wanawake wawili na msichana mmoja, na fomu ina nafasi ya jina moja tu.

Ndiyo maana naithamini kazi iliyofanywa Kilifi, pwani hiyo hiyo, ambako mtafiti Amina Abubakar na wenzake walitengeneza vipimo vya makuzi kwa watoto wa pwani yenyewe badala ya kuazima vya kwingine. Hata hivyo, kipimo kizuri bado humpima mtoto. Ninachokiulizia mimi ni ule mtandao wa watu wanaomjua.

Na mtandao huo una gharama. Kumtazama mtoto kunahitaji nafasi, na mama mwenye deni dukani na homa mwilini hana nafasi hiyo, hata awe na mapenzi ya namna gani. Tusimlaumu kwa kukosa kitu ambacho umaskini umemnyang'anya.

Mtihani mgumu zaidi kwa hoja hii ni wa mama anayekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia, akamwacha mtoto wa miezi kumi kwa bibi yake. Wengi husema mtoto ameachwa. Kwa hoja yangu hajaachwa, maadamu bibi anaijua ile ngumi. Anayepungukiwa hasa ni mama. Kwenye simu ataambiwa mtoto ametembea, amepata surua, amepona. Hizo ni habari, na habari hazimfundishi mtu kutambua kilio. Mkataba ukiisha atarudi na pesa za bati na za ada, kisha itambidi amuulize mamake maana ya kila sauti ya mwanawe. Sioni ni nani anayeweza kumlipa kwa hilo, wala sijasikia mkataba wa kazi unaolitaja.