Sababu ya Safari

Kwenye fomu ya kuomba kibali cha kutoka kambini kuna mahali pa kujaza sababu ya safari. Sisi wa Kakuma tunapajua vizuri. Wengine huandika matibabu. Wengine huandika masomo, biashara, msiba, kesi. Mimi niliandika "semina ya wafanyakazi wa vijana, Mombasa," nikapewa. Sijawahi kumwona mtu aliyeandika "kwenda kupumzika." Angechekwa na wenzake kwenye foleni kabla hajafika dirishani.

Ndugu msomaji, swali langu ni hilo hilo la kuchekesha. Je, mkimbizi ana haki ya kupumzika? Na akipata nafasi ya kustarehe huku wenzake wamebaki kwenye vumbi, anafanya kosa?

Swali hili sikulitafuta kitabuni. Lilinikuta Ijumaa mchana, semina ilipoisha. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumatatu, kibali changu kilikuwa bado na siku zake, na mfukoni nilikuwa na baki ya posho. Siku mbili nzima, na hakuna mtu aliyenihitaji popote. Kwa miaka tisa niliyokaa Kenya, hali hiyo sikuwahi kuijua. Mtu wa kambini ana muda mwingi, hilo ni kweli, lakini muda ule si mapumziko. Ni kungoja. Unangoja mgao, unangoja maji yafike bombani, unangoja jina lako litoke, unangoja jibu la faili. Anayengoja hapumziki hata akilala mchana kutwa. Mwili umelala lakini sikio liko macho.

Jumamosi asubuhi nikatoka. Nikala mahamri na mbaazi kwa mama mmoja kando ya barabara, nikapita chini ya zile pembe kubwa za Moi Avenue, nikaingia Mji wa Kale. Vichochoro vyembamba, milango ya mbao yenye nakshi, paka wamejilaza vizingitini kama ndio wenye nyumba. Nilitembea polepole. Hata miguu ilishangaa, maana huku Kakuma tunatembea haraka kulikimbia jua, au kuwahi foleni.

Nikafika Fort Jesus. Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwaka 1696 Waoman waliizingira mpaka wakaiteka 1698, na waliokuwa ndani waliteketea kwa njaa na maradhi. Waingereza nao waliifanya jela, tangu 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Pale watu walipofungwa, watoto wa shule sasa wanakimbizana na mwalimu anapiga kelele washuke ukutani.

Pale mlangoni bei si moja kwa watu wote. Karani akaniuliza, "Raia, mkazi au mgeni?" Nikanyamaza. Nikatoa kitambulisho changu cha mkimbizi. Akakigeuza mbele na nyuma.

"Unakaa hapa Kenya?"

"Kakuma. Miaka tisa."

"Basi wewe mkazi, ndugu yangu. Ingia."

Hakufikiri sana, nyuma yangu watu walikuwa wamejaa. Lakini mimi nilipanda juu ya ukuta na lile neno lake, nikalitafuna huko huko nikitazama bahari. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ni mgeni wa miaka tisa, na jembe nililopewa ni kazi ya insentivu. Siku ile nikawa mkazi kwa saa mbili.

Jumapili nikaenda Mama Ngina, pale bustani ya baharini chini ya mibuyu, karibu na kivuko cha Likoni. Familia zilikuwa nyingi. Meli za mizigo zinapita karibu sana zikielekea bandari ya Kilindini, mpaka unaona mabaharia wakipunga mkono. Nikanunua dafu na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, nikakaa kwenye ngazi. Mimi ni mtoto wa ziwa, wa Baraka, kule Fizi. Mara ya mwisho kukaa mbele ya maji makubwa ilikuwa usiku, tunavuka Tanganyika kwa mtumbwi, mama amenifunika mdomo kwa mkono nisikohoe. Hapa maji yalikuwa ya kutazama tu. Nikafurahi, kweli nilifurahi.

Halafu nikaanza kuhesabu. Dafu hili ni unga kiasi gani? Tuktuk ya jana ni maharage kiasi gani? Mgao umepunguzwa, mama yangu anapima unga kwa kikombe, na mimi nimekaa hapa nanywa maji ya nazi kama mtalii. Dafu likanishinda kumaliza.

Hoja hii nimeipima sana, sitaki kuikwepa. Zile pesa zingenunua unga, ndiyo. Anayesema starehe yake haikumgharimu mtu yeyote, mara nyingi hajahesabu. Lakini tukishika hesabu hiyo peke yake, hakuna atakayeruhusiwa kucheka hapa kambini mpaka wote washibe. Hakutakuwa na mpira jioni, wala ngoma, wala chai ya harusi. Na sisi tunajua kuwa harusi za hapa zinafanywa na watu wenye njaa. Hakuna anayewaita wakosaji.

Kuna hoja nyingine, na hii nawaomba ndugu zetu wa mashirika wanisikilize kwa upole. Ninyi mna likizo ya mapumziko kila baada ya wiki kadhaa. Mnapanda ndege, mnakwenda Nairobi, wengine Mombasa hiyo hiyo. Hakuna anayewauliza kama mnaona aibu, na sidhani kama mnapaswa kuona. Wakubwa wenu walikaa wakaamua kwamba joto hili, vumbi hili na habari hizi za huzuni zinamchosha binadamu, na aliyechoka hufanya kazi vibaya. Ni uamuzi wa busara. Sasa nauliza tu: kama mahali hapa panamchosha aliyekuja kwa mkataba wa mwaka, vipi yule aliyezaliwa hapa? Binti anayeamka saa kumi alfajiri kupanga mitungi, kuchoka kwake ni kwa namna gani hata kusihesabiwe?

Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Kila mtu. Hawakuongeza "isipokuwa mwenye shida." Lakini najua karatasi haimpi mtu nauli. Wala si sisi peke yetu. Yule kijana aliyeniuzia dafu nilimuuliza kama yeye hukaa hapa na familia yake siku za Jumapili. Akacheka. "Nikae saa ngapi, kaka? Jumapili ndiyo biashara." Bahari anaiona kila siku, ila kukaa mbele yake hajakaa. Mapumziko yamegawanywa vibaya hata kwa wenye vitambulisho vya raia.

Hata hivyo kuna jambo letu sisi, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtu anayeruhusiwa kutoka kwa sababu ya shida tu, mwishowe anajifunza kujieleza kwa shida tu. Nimeliona hili kwa vijana wangu. Akija mgeni, kila mmoja anasimama kujitambulisha, na kabla hajataja anachopenda ameshataja alichopoteza. Nani aliwafundisha? Mimi ni mmoja wao. Mimi ndiye ninayewaambia, "Eleza hali yako vizuri, wakuelewe."

Basi nikarudi. Jumanne jioni vijana wakanizunguka. "Kaka, Mombasa kulikuwaje?"

Nikasema, "Kazi tu, jamani. Semina asubuhi mpaka jioni."

Uongo. Picha zilikuwa kwenye simu mfukoni, nami nikaushika mfuko kama mwizi. Nilidhani nawahurumia. Leo naona nilikuwa nawaambia, bila kutamka, kwamba furaha ya mtu kama sisi ni kitu cha kufichwa.

Aliyenivua huo uongo ni bibi mmoja Msomali, jirani yetu. Alifika Mombasa kwa mashua mwanzoni mwa miaka ya 1990, akakaa kambi ya Utange, na kambi za pwani zilipofungwa akaletwa huku. Aliposikia nimetoka huko aliniita kibarazani kwake, akaniuliza swali moja tu: "Yale maji, bado yana rangi ile asubuhi?"

Nikashindwa kumdanganya. Nikatoa simu. Alizitazama picha zote, moja moja, akakuza ile ya bahari kwa vidole viwili. Hakuuliza nilitumia shilingi ngapi. Akasema, "Umeniletea. Asante, mwanangu." Halafu akanikemea kwa nini sikupiga picha ya samaki.

Wiki iliyofuata nikawaambia vijana ukweli, na picha nikawaonyesha. Wengi walifurahi, wakauliza maswali mpaka giza likaingia. Lakini mmoja, ana miaka kumi na saba, amezaliwa hapa hapa, alisimama akasema, "Kaka, sasa unatuonyesha ya nini? Sisi tutakwenda lini?" Akatoka, akaenda kukaa peke yake kwenye kingo za laga.

Sina jibu la kumpa, na sitalitunga hapa ili insha iishe vizuri. Hasira yake ni ya haki. Ninachoamini ni hiki: kosa langu halikuwa kukaa kwenye zile ngazi. Kosa lilikuwa kurudi na kujifanya sikukaa. Raha ya mmoja haiondoi dhiki ya wengi, lakini ikifichwa inawafanya wengi waamini kwamba haikuwa yao tangu mwanzo. Yule kijana hakukasirika kwa sababu nilipumzika. Alikasirika kwa sababu na yeye anataka, na kutaka huko ni afya. Ningeogopa zaidi kama angenyamaza.

Juzi alirudi kwenye kikundi. Hakusema neno kuhusu Mombasa. Tulikuwa tunafanya zoezi la kujaza fomu, nami niliwaambia wajaze kama wangeweza kwenda popote. Nilipokusanya karatasi niliitafuta yake. Kwenye sababu ya safari ameandika: "Kutembea tu."

Nimeiweka. Sikusahihisha kitu.