Kodi ya Petroli, Mashimo ya Mtaani na Sadaka Yetu



Ndugu msomaji, Julai 2024 hapa Uganda ushuru wa lita moja ya petroli ulipanda kutoka shilingi 1,450 hadi 1,550, na wa dizeli kutoka 1,130 hadi 1,230. Kwa kiwango hicho, mwendesha boda boda anayetumia lita tatu kwa siku hulipa shilingi 4,650 za ushuru kabla hajahesabu faida yake. Naye hazilipi peke yake, kwani humwongezea abiria nauli. Hivyo hata mwanafunzi asiye na baiskeli hulipa kodi ya petroli kila anapopanda boda, na mama muuza nyanya huilipa kila mzigo wake unapotoka sokoni.

Kisha wote hawa wakifika mtaani kwao hukuta mashimo. Mvua ikinyesha ni matope, jua likiwaka ni vumbi. Swali langu ni la kifikihi na la kimaadili: fedha hii iliyochukuliwa kwa jina la umma ni ya nani, na mtaa una haki gani ndani yake?

Tuanze na uhalali wa kodi yenyewe, maana baadhi yetu hulimaliza jambo kwa kusema kwamba katika Uislamu hakuna kodi ila zaka. Ni kweli kwamba imepokewa mikemeo mikali juu ya watoza ushuru wa dhuluma, ule unaoitwa maks. Lakini maulamaa hawakuishia hapo. Imam Ghazali katika madhehebu ya Shafii, na baada yake Imam Shatibi wa Granada katika madhehebu ya Malik, waliruhusu kiongozi kuwatoza matajiri wakati Baitul-Mal haina kitu na umma una haja ya kweli. Ruhusa hiyo ina masharti. Haja iwe ya kweli, hazina iwe haitoshi, mzigo ugawanywe kwa uadilifu, na fedha itumike kwa kile ilichochukuliwa.

Mfano unaojulikana sana ni wa Sheikh Izzuddin bin Abdissalam kule Misri, Wamongoli walipokuwa njiani kuja na Sultani Qutuz akataka kuwatoza raia gharama za vita. Sheikh hakukataa kodi. Alisema kwanza hazina iishe, na makamanda wauze mapambo yao ya dhahabu mpaka walingane na watu wa kawaida, ndipo raia waombwe. Vita vya Ayn Jalut vikapiganwa mwaka 1260. Kama hata vita vya kuuokoa umma havikumwondolea kiongozi masharti hayo, lami haitamwondolea.

Basi tutazame sharti la mwisho, la fedha kutumika kwa kile ilichochukuliwa. Uganda ilitunga sheria ya Mfuko wa Barabara mwaka 2008, na mfuko ukaanza kazi mwaka 2010. Makusudio yalikuwa kwamba tozo za watumiaji wa barabara, ikiwemo ya mafuta, ziingie moja kwa moja katika mfuko wa matengenezo, na wilaya, manispaa na miji vipate mafungu yao humo. Haikuwa hivyo. Tozo ziliendelea kuingia katika hazina kuu, na mfuko ukawa unasubiri kile Bunge litakachoupangia kila mwaka. Mwaka 2024 Bunge likapitisha kuirudisha kazi yake wizarani.

Majirani zetu wamekwenda njia nyingine. Kenya ina tozo ya matengenezo ya barabara kwa sheria ya 1993, na mwaka 2024 iliipandisha kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, ingawa magavana na wabunge wamegombania fungu la kaunti mpaka mahakamani. Tanzania mwaka 2021 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Sisemi kwamba kwao hakuna mashimo. Nasema kwamba raia wa huko anaweza kuuliza shilingi fulani imekwenda wapi, kwa sababu shilingi hiyo ina jina.

Kuna kanuni ya kifikihi isemayo kwamba gharama humwangukia yule mwenye kufaidika. Hii ndiyo hoja bora ya kutoza petroli ili kutengeneza barabara: anayetembeza gari ndiye anayeichakaza njia, basi achangie kuitengeneza. Lakini kanuni hii inakata pande mbili. Ukishamtoza mtu kwa sababu anafaidika na njia, umekiri kwamba anastahili njia. Aliyepewa fedha kwa kazi maalumu ni wakili, na wakili hana ruhusa ya kuzipeleka atakako.

Mtu atapinga, na hoja yake ni nzito: "Hospitali haina dawa. Je, tumwache mtoto afe ili tuzibe shimo?" Hapana. Kulinda uhai ni katika makusudio makuu ya sheria, na dharura ina hukumu yake. Lakini mwenye kula mali ya mtu kwa dharura ya njaa, kwa maulamaa wengi, hudaiwa thamani yake. Dharura huondoa dhambi na deni hubaki. Kwa hiyo fedha ya barabara ikihamishwa kwa sababu ya dharura, ihamishwe hadharani, iandikwe kuwa deni, na irudishwe. Kuhama kimya kimya kila mwaka ni mazoea, hata kama kutaitwa dharura.

Mwingine atasema kwamba barabara kuu zitangulie kwa kuwa ndizo zibebazo uchumi, na mitaa ijisaidie. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba imani ina matawi zaidi ya sitini au sabini, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Njia inayokusudiwa hapo ni ile watu wanayopita kwa miguu, ya mlangoni, ya sokoni, ya msikitini. Udhia wake humpata anayetembea, na wanaotembea zaidi ni maskini, wazee, watoto na walemavu. Kipimo cha kanuni isemayo kwamba maamuzi ya kiongozi juu ya raia yafungamane na maslaha hakiwezi kuwa mwendo wa magari peke yake. Barabara kuu ina watetezi wengi, ila shimo lililo mbele ya nyumba ya bibi kizee halina anayelisemea. Aprili 2023 wakazi wa Kampala walianza kuonyesha picha za mashimo yao mtandaoni, na hazikupita siku nyingi Rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe. Kumbe fedha ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabiwa.

Sasa tuje kwetu. Katika jumuiya yetu kuna pendekezo kwamba fungu la michango litumike kununua changarawe kwa ajili ya njia ya kutoka hosteli kwenda msikitini. Wengine wanasema ni kheri, wengine wanasema ni kulipa mara mbili. Naona wote wana sehemu ya haki.

Kwanza, zaka isiguswe. Madhehebu manne hayakuijumuisha barabara katika yale mafungu manane. Wapo wa zama hizi, kama Sheikh Mahmud Shaltut, waliolipanua fungu la "fi sabilillah" liingie maslaha ya umma, lakini zaka yetu ni ndogo na mafukara wapo jirani yetu.

Pili, sadaka ya kawaida inaruhusiwa na ina thawabu. Dhuluma ya mwingine hainizuii kuondoa udhia. Mzee akivunjika mguu kesho, kusema "nilishalipa kodi" hakutamfaa.

Tatu, na hapa ndipo penye hatari, sadaka isiwe pazia. Tukijaza kifusi kila mwaka na kunyamaza, tunamsaidia mwenye amana asahau amana yake. Zaidi ya hapo, mitaa yenye wasomi na wafadhili itapata njia, na mtaa wa maskini ambao nao umelipa ushuru uleule utabaki na matope. Hapo sadaka yetu itakuwa imeongeza pengo bila sisi kukusudia.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mambo mawili yaende pamoja. Tuzibe shimo kwa idhini ya mwenyekiti wa LC1 na fundi wa manispaa, na wiki hiyohiyo tuandike barua kuuliza: mwaka huu manispaa imepokea kiasi gani cha matengenezo ya barabara, na mitaa ipi imepangiwa? Sheria ya mwaka 2005 ya haki ya kupata habari inampa kila raia ruhusa ya kuuliza. Wanaosoma sheria waandike barua hiyo, wanaosoma uhandisi wapime mitaro, na wanaosoma uhasibu wasome majibu.

Kuuliza si fitina. Mtume (S.A.W.) alimhesabu mtumishi aliyerudi kutoka kukusanya zaka akidai kwamba baadhi ya mali aliyokuja nayo ni zawadi yake. Aliyebeba mali ya umma huulizwa hapa duniani, na asipoulizwa hapa ataulizwa mbele ya Mola wake. Kumuuliza mapema ni kumtakia kheri.

Wabillahi tawfiq.