Waliobeba Vita

Ipi dhulma kubwa zaidi: mtu kuchorwa kwa sura isiyo yake, au kutochorwa kabisa? Swali hili huzuka kila zinapozungumzwa filamu za kale zisizo na sauti, na aghalabu jibu la kwanza ndilo hupendwa. Mfano wake ni mzito. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambamo wahusika wakuu weusi waliigizwa na Wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni, na Ku Klux Klan wakasawiriwa kuwa waokozi.

Hata hivyo, picha ya uongo ina udhaifu wake, nao ni kwamba inaonekana. Chama cha NAACP kiliipinga filamu hiyo mwaka ule ule, kwa kuwa palikuwa na kitu cha kunyooshewa kidole. Asiyechorwa hana hata hicho.

Agosti 1916 Waingereza walianza kuonyeshwa The Battle of the Somme, iliyopigwa Ufaransa na Geoffrey Malins na John McDowell. Inakisiwa kuwa katika wiki sita watu milioni 20 hivi waliitazama. Maandishi yake yalitaja vikosi kwa majina, hata mama wa Lancashire akaweza kumtafuta mwanawe miongoni mwa nyuso zile. Onyesho lake mashuhuri, la askari wakitoka handakini na mmoja akiporomoka, liliigizwa mbali na mapigano. Hilo nalo limejulikana, maana lipo na linachunguzika. Mwaka 2005 UNESCO iliiandika filamu hiyo katika Kumbukumbu ya Dunia.

Miezi ile ile vita hivyo hivyo vilikuwa vikielekea Tabora. Mji huo wa Unyamwezi ulikuwa njia panda ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Katika karne ya 19 upagazi kwa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya fahari. Safari ya pwani ilimpa kijana heshima ya utu uzima, na msafara ulikwenda na kirangozi wake mbele, amevaa mavazi ya kutazamwa, kwa ngoma na bendera, na kwa ujira wa mapatano. Mpagazi huyo alionekana, tena alijionyesha. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kisha vita vikarudisha mizigo vichwani, mara hii kwa amri.

Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Askari wake walikuwa Waafrika, na wapagazi wake kadhalika. Jenerali wake, Charles Tombeur, ndiye aliyekuja kuitwa Baroni wa Tabora. Kwa upande wa Waingereza, wapagazi walioandikishwa katika vita vya Afrika Mashariki hukadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa si chini ya 95,000, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Hakuna filamu ya Tabora iliyokaa machoni mwa ulimwengu kama ile ya Somme.

Jijini Dar es Salaam, tangu 1927, limesimama Sanamu la Askari. Maandishi chini yake yanawataja wapagazi. Aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Wapagazi walibakiziwa soko: Kariakoo, jina lililotokana na lile la Kiingereza la kikosi chao. Maelfu hulitamka kila siku wakinunua vitenge na vyombo vya plastiki, na ni wachache wanaosikia ndani yake mizigo ya mwaka 1916.

Wala lawama isiishie kwa kamera. Pwani ilikuwa na chombo chake cha kuhifadhi vita muda mrefu kabla ya filamu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mzima juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na wenye kupenda tenzi wanamjua Bushiri kama jirani. Lakini desturi ya utenzi wa vita ni kumtaja jemadari, nasaba yake na upanga wake, ilhali aliyembebea baruti hupita ubetini bila jina. Mtunzi hawezi kusingizia uhaba wa mashine. Mizani nane zinatosha jina la Kinyamwezi, na nafasi hubaki ya kijiji alikotoka.