Mbweu Zisizokoma

Kupiga mbweu baada ya mlo si ugonjwa. Ni hewa uliyoimeza inarudi ilikotoka. Anayebugia chapati mbiombio awahi daladala, anayekunywa soda, anayetafuna bigijii kutwa, wote humeza hewa nyingi. Wengine hujaa gesi wakinywa maziwa, kwa kuwa utumbo wao haumeng'enyi vizuri sukari iliyomo.

Lakini mbweu zikifuatana na kiungulia au maumivu ya chembe ya moyo, tusiseme haraka kwamba ni mawazo tu. Kwa miaka mingi hata madaktari walilaumu mawazo na pilipili kwa vidonda vya tumbo. Mwaka 1984, daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria wa Helicobacter pylori kwa makusudi ili kuonyesha kwamba ndiye chanzo, akaugua tumbo baada ya siku chache. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo hupimwa kwa kinyesi au pumzi, na hutibiwa kwa antibiotiki.

Magadi? Hutuliza kiungulia kidogo, kisha yenyewe hutoa gesi. Na dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, tunazozinunua dukani kama peremende, nazo huleta vidonda. Hilo hatulisemi vya kutosha.

Ukiona choo cheusi tititi, ukitapika damu, ukikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni, usingoje kesho. Nenda hospitali leo.