Amana ya Daftari: Je, Siri Iliyoandikwa ni ya Nani?

Msafiri atokaye Kisangani kwa barabara ya kaskazini iendayo Buta, baada ya kilometa 128 hivi hufika Banalia, kwenye ukingo wa mto Aruwimi. Hapo hungoja kuvushwa. Mchuuzi wa mafuta ya mawese, mwalimu, mama mwenye mtoto mgongoni, mgonjwa na ndugu zake, wote huketi pamoja. Na penye kungoja pana maneno. Habari ikisemwa asubuhi ng'ambo hii, jioni imekwisha kulala ng'ambo ile.

Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayo mali moja ambayo akiinyang'anywa harudishiwi tena, nayo ni jina lake. Mbuzi akiibiwa hulipwa mbuzi. Jina likichafuliwa hulipwa nini? Basi yafaa kuchunguza kazi ya yule ambaye kila siku hushika majina ya wengine mkononi: mwuguzi, na zaidi mtumishi wa huduma za jamii, yule aketiye na wagonjwa, wajane, yatima na mabinti walioonewa, akisikiliza na kuandika. Je, yale aandikayo ni ya nani? Na je, aandike yote, aandike nusu, au asiandike kabisa?

I. Kuandika ni wajibu

Wako wasemao: "Heri kutoandika. Kisichoandikwa hakisomwi, na kisichosomwa hakimwumizi mtu." Neno hili lina sura ya huruma, lakini si kweli. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu vilevile hupotea bila habari, kama hakuna aliyewaandika.

Banalia yenyewe ni shahidi. Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba homa ya uti wa mgongo imeingia katika eneo hilo. Siku ile ya kutangazwa, hesabu ilikuwa tayari watu 261 walioshukiwa kuugua, na katika hao 129 walikuwa wamekwisha kufa. Yaani karibu nusu. Vipimo vilivyofanywa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris vilionyesha ni vijidudu vya meningokoki. Baada ya hapo zililetwa dawa, na chanjo ikafuata.

Msomaji na atulie kidogo mbele ya hesabu hiyo. Daktari aliye mbali, Kisangani au Kinshasa, haoni kaburi lililochimbwa kijijini. Huona karatasi. Kama karatasi yasema, "Wiki hii wagonjwa wawili, wiki iliyofuata tisa, wote shingo ngumu, homa kali, kichwa kuuma," hapo huinuka na kuuliza. Kama karatasi ni tupu, hukaa. Chupa za kupimia hupelekwa mahali palipoandika, na dawa hufuata zile chupa. Kwa hiyo mwandishi mvivu, ajazaye rejista mwisho wa mwezi kwa kubahatisha, hafanyi kosa dogo la ofisi. Huwaficha wagonjwa machoni pa wale ambao wangeweza kuwasaidia.

II. Kunyamaza ni wajibu

Lakini upande wa pili wa jambo ni mzito vilevile. Karatasi inaweza kuokoa, na karatasi inaweza kufunga. Zamani za utawala wa Wabelgiji, ugonjwa wa malale ulipotisha mikoa ya kaskazini, watu walipangwa mistari, wakashikwa tezi za shingo, na msafiri alitakiwa kuwa na pasi ya matibabu. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na wengi walitibiwa. Hata hivyo, yule aliyeandikwa hakuulizwa neno. Karatasi ile ilimtawala mwenye mwili, na mara nyingine ilimtenga na jamaa yake.

Siku hizi hatari ina sura nyingine. Mwanamke ameonekana ana virusi vya ukimwi. Neno moja likitoka, hufukuzwa nyumbani kwa mumewe. Mtoto yatima amesingiziwa uchawi na baba zake wadogo. Akiandikwa "mchawi", hata kama mwandishi alinuia tu kuripoti maneno yao, jina hilo laweza kumfuata mpaka shuleni. Ndiyo maana wanadamu wamejiwekea sheria. Kiapo cha waganga kilichopewa jina la Hippokrate, Mgiriki wa kale, humtaka mganga anyamaze juu ya aliyoyaona na kuyasikia nyumbani mwa wagonjwa, ikiwa hayapasi kutangazwa. Katika Kongo, kifungu cha 73 cha sheria ya makosa humwadhibu kwa kifungo na faini ye yote aliyekabidhiwa siri kwa sababu ya kazi yake akaifunua, isipokuwa akiitwa kushuhudia mahakamani au sheria ikimlazimisha. Tena sheria ya tarehe 14 Julai 2008 huwalinda hasa wenye virusi vya ukimwi na jamaa zao.

Basi je, wajibu hizi mbili hupigana? Kuandika na kunyamaza, yawezekanaje mtu mmoja kuyatimiza yote mawili?

Yawezekana, akitenganisha hesabu na jina. Hesabu na isafiri, jina libaki. Yule daktari wa mbali ahitaji kujua ni wagonjwa wangapi, wa umri gani, wa kijiji gani, tangu siku gani. Hahitaji kujua kwamba mmoja wao ni binti wa mzee fulani. Jina huhitajiwa na yule amtibuye na yule amsaidiaye, nao ni wachache. Kosa la waandishi wengi ni kuviacha vyote viwili vitembee pamoja, au kuvifungia vyote viwili pamoja.

III. Uongo wa huruma

Liko jaribu lingine, gumu kuliko la ulimi mrefu. Ichukuliwe habari ya binti, ambaye si mtu fulani bali ni mfano tu. Ana miaka 14. Ameletwa kituoni na shangazi yake, akiwa amenajisiwa na mwanamume ambaye kijiji kizima chamwogopa. Mtumishi anasikiliza, naye ameshika kalamu. Kabla hajaandika, baba wa binti anaingia, anaketi, anasema kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, sisi ni watu wa mahali pamoja. Andika kwamba alianguka shambani. Wazee wamekwisha kupatana, mbuzi watatolewa. Ukiandika hayo mengine, nani atamwoa mtoto wangu?"

Mtumishi huyo si mwovu akisitasita. Anaiona aibu ya baba, nayo ni aibu ya kweli. Anajua vilevile kwamba neno "alianguka" lingetuliza nyumba usiku ule. Lakini na atazame mbele kidogo. Maneno "alianguka shambani" yakikaa katika daftari, binti hatapewa dawa za kuzuia maradhi, ambazo lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Na kama baada ya mwaka atapata moyo wa kwenda mbele ya hakimu, mtetezi wa mwovu atalifungua daftari lile lile na kusoma: "Alianguka." Huruma ya siku moja itakuwa imemnyima haki ya maisha yote. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa ngono ziliwekwa ili mambo ya namna hii yasimalizwe kwa faini tu, tena zinaagiza mwenye kuonewa aitiwe daktari, na heshima yake ilindwe.

Basi afanye nini? Aandike kweli, kisha ailinde. Amwambie baba: "Mzee wangu, sitaandika uongo, kwa maana uongo huu utamwumiza mwanao. Lakini niandikayo hayatatoka humu bila njia ya haki." Baba aliomba uongo kwa sababu hakuamini kwamba kweli inaweza kufungiwa. Kama vituo vyetu vingekuwa na masanduku yenye kufuli, na watumishi wenye midomo iliyofungwa, akina baba wachache wangeomba vile. Siri iliyolindwa vizuri ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kusema kweli.

IV. Namna ya kuandika

Kweli yenyewe ina adabu yake. Mtumishi mwema hutenganisha mambo matatu: aliyoyaona kwa macho yake, aliyoambiwa, na ayadhaniyo. Asiandike, "Mama huyu ni mlevi." Aandike, "Jirani asema mama hunywa kila siku. Leo hakuwa amekunywa." Maneno ya kwanza ni hukumu, na mtumishi hakuwekwa kuwa hakimu. Maneno ya pili ni ushuhuda. Asiandike kwamba mtoto ni mchawi. Aandike kwamba ndugu wamsingizia uchawi, na kwamba ana makovu mawili mgongoni. Hapo atakayesoma atajua ni nani mwenye kuhitaji msaada, na ni nani wa kuulizwa.

Vilevile asiandike kisichohitajiwa. Mtu aliyekuja kuomba maziwa ya mtoto hana haja ya kuandikiwa ugomvi wake na mke mwenza. Na kipo kipimo chepesi kwa kila mstari: Je, mwenyewe akisomewa maneno haya, atasema, "Ndivyo nilivyosema"? Hata kama yatamwuma, je, atakubali kwamba ni ya haki? Mstari usioweza kusomwa mbele ya mwenyewe, afadhali ufikiriwe tena kabla wino haujakauka.

V. Mpaka wa siri

Lakini msomaji atauliza: Je, siri hiyo haina mwisho? Hapa Mkristo na aangalie asichanganye mambo. Padri katika kitubio haandiki neno, wala hawezi kuifunua siri ile kwa sababu yo yote. Siri ya mtumishi si ya namna hiyo. Yeye aliandika ili msaada upatikane. Na ikiwa mtoto yu hatarini kupigwa au kuuawa, mtumishi asijifiche nyuma ya siri. Aseme, lakini amwambie anayepaswa kusikia, aseme yale tu yanayohitajiwa, na ikiwezekana amwambie kwanza mwenye siri kwamba atasema, na kwa nini. Si mkuu wa kijiji kwa sababu ni mkuu, si mume kwa sababu ni mume, si mwenzi wa kazi kwa sababu anauliza kwa upole. Anayepewa habari ni yule awezaye kuondoa hatari.

Sasa swali la kwanza laweza kujibiwa. Karatasi ni ya kituo, kalamu ni ya mtumishi, lakini habari ni ya mwenyewe aliyeisema. Mtumishi ameiweka kama mtu awekavyo mbuzi wa jirani aliyesafiri. Hamchinji, hamwuzi, hamwazimi. Tena hamwachi afe kwa njaa. Mwenyewe akirudi kumwulizia, sharti amkute. Jambo hilo huitwa amana.

Wahenga walisema: Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huingia mpaka chini ya mtungi, huona matope yaliyotuama, kisha hutoka imebeba maji tu. Jioni, kituo kikifungwa na watu wakishuka kwenda mtoni, mtumishi abaki kidogo. Akusanye karatasi zilizo mezani, atazame kama hakuna iliyoanguka chini au iliyofungiwa karanga, aziweke sandukuni, ageuze ufunguo. Kisha ashuke naye aende kivukoni, aketi na wengine. Na wakimwuliza habari za leo, awajibu kwamba ni njema, azungumze nao juu ya mvua.