Nishani Ndani ya Mkebe

Somo: Yohana 20:24–29, Wagalatia 6:17

 

Leo sikuja na maneno matamu. Nimekuja na toba yangu mwenyewe, na naomba mnivumilie hadi mwisho.

Kuna mama mmoja hapa kanisani ambaye mwanawe alikuwa mwanajeshi, akafia Somalia. Siku ya maziko hata pa kusimama palikuwa hapana. Magari yalikuja, wakubwa walikuja, bendera ikakunjwa. Mimi ndiye niliyehubiri, na nilihubiri kwa nguvu. Nilisema, "Kanisa hili halitamsahau mama huyu!" Mkajibu, "Amina!" Baada ya hapo nilikaa miezi saba bila kukanyaga uani kwake. Nilikuwa na semina, nilikuwa na mikesha, nilikuwa na ujenzi wa kanisa. Sababu hazikosekani.

Nilipokwenda, hakunilaumu. Alinitandikia mkeka chini ya mwembe, akanipa dafu. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na kipande cha leso, na ndani ya leso nishani ya mwanawe. Akaniwekea mkononi.

"Mwanangu mchungaji," akasema, "hii naisugua mpaka inang'aa. Lakini haisemi. Hainiulizi nimeamkaje. Wewe ungekuja, ungeniuliza."

Ndugu zangu, nishani ile ni nyepesi. Lakini siku hiyo mkono wangu ulilemewa.

Sisemi nishani ni kitu kibaya. Biblia inatuambia mwenye kustahili heshima apewe heshima. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu walipovuka mpaka kuingia Somalia, wako waliorudi na wako ambao hawakurudi. Tarehe 15 Januari 2016, kambi yao ya El Adde ilivamiwa alfajiri, na nyumba nyingi za Kenya zikapata msiba siku moja. Kila tarehe 14 Oktoba jeshi letu lina siku yake ya kuwakumbuka. Ni vyema.

Tena iko nishani moja ya Marekani inayonifundisha sana. Inaitwa Purple Heart, yaani Moyo wa Zambarau. Asili yake ni kitambaa chenye umbo la moyo alichokianzisha Jenerali George Washington mwaka 1782 kwa ajili ya askari waliofanya vyema. Ilifufuliwa mwaka 1932, na baadaye ikawa ya majeraha pekee. Leo hupewa askari aliyejeruhiwa na adui vitani, na kama ameuawa, hupewa jamaa zake. Tazama jambo hilo, mpendwa. Haulizwi ameangusha maadui wangapi. Anaulizwa, je, uliumia?

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1913 Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wa kufanya kazi. Wazee husimulia kwamba Mekatilili wa Menza alikwenda barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ofisa wa mkoloni ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Yule ofisa alipotia mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akasema, ndivyo itakavyokuwa mkija kuchukua watoto wetu. Huyo alikuwa mama akitetea wana. Lakini bunduki zilishinda, na Wagiriama wakatozwa faini na kudaiwa wanaume 1,000 wa kubeba mizigo.

Wabebaji wale, kutoka Afrika Mashariki yote, walikufa kwa homa, kwa kuhara na kwa njaa kuliko kwa risasi. Nairobi, katika Kenyatta Avenue, zimesimama sanamu za shaba za watu watatu, na mmoja wao ni mbebaji mizigo. Maandishi ya chini yanaahidi kwamba hata wakifa, wana wao watalikumbuka jina lao. Lakini majina yenyewe hayamo! Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Nilitaka kuwakasirikia Waingereza. Roho Mtakatifu akaniuliza, "Na wewe, miezi saba?"

Haya, fungua Yohana 20. Bwana amefufuka. Mwili wake ni wa utukufu, milango imefungwa naye anaingia. Mauti imeshindwa! Lakini alama za misumari bado zipo mikononi, na ubavu una kovu. Aliyeshinda kaburi angeshindwa kufuta kovu? Hakulifuta. Akamwonyesha Tomaso, akamwambia atie mkono.

Hapa nasema na sisi Wapentekoste. Yuko kijana aliyerudi kutoka vitani. Mwili mzima, mguu hauchechemei. Lakini tairi likipasuka barabarani, analala chini. Usiku hapati usingizi. Tumemwombea mara tatu, na kwa kuwa bado anaruka, tumeanza kunong'ona kwamba hana imani. Nani alitupa kazi hiyo? Mungu anaponya, nami nitaendelea kuwekea wagonjwa mikono. Lakini Yesu mwenyewe hakuona haya kuwa na makovu. Paulo naye alisema anachukua mwilini mwake chapa za Yesu. Kovu si ushahidi kwamba Mungu hakusikia. Mwombee kijana huyo, keti naye, na akihitaji daktari, msindikize.

Tusichanganye mambo: kufa vitani hakumwokoi mtu. Damu iokoayo ni moja tu, ya Mwana-Kondoo. Lakini Mungu aliyesema katika Isaya 49:16 kwamba ametuchora katika vitanga vya mikono yake, yeye hasahau. Majina yasiyo kwenye shaba ya Nairobi, yeye anayajua, hata la yule aliyetoka ng'ambo ya Sabaki asirudi. Swali ni juu yetu sisi tunaojiita mwili wake. Kama mikono yake ina majina, mbona yetu iko mitupu?

Kwa hiyo wiki hii tufanye hivi. Kila ushirika wa nyumbani uandike wajane, wazazi na majeruhi walio katika mtaa wake, wa vita na wa misiba mingine. Msiende na hotuba. Nendeni na unga, au na mikono ya kulima, kisha mwulize, "Umeamkaje?" Halafu nyamaza, usikilize jibu.

Mimi Jumatatu nitakuwa chini ya mwembe ule. Jumapili ijayo niulizeni kama nilikwenda.

Tuombe. Bwana Yesu, mwenye makovu, utusamehe tulioahidi kwa sauti kubwa tukasahau kimya kimya. Mfariji mama aliye na nishani na asiye na mwana. Mpe usingizi kijana aliyerudi. Na miguu yetu, Bwana, uipeleke. Katika jina la Yesu. Amina.