Hofu ya Aliye Juu

Masomo: Waamuzi 7:9–15, Luka 22:54–62, Yohana 21:15–19



Hofu ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu twaijua sana. Tangu shule ya Jumapili tumefundishwa habari za Waisraeli waliotetemeka siku arobaini mbele ya Goliathi. Lakini iko hofu nyingine ambayo haihubiriwi mara nyingi, nayo ni hofu ya mwenye nguvu mbele ya mnyonge. Biblia yaijua hofu hiyo pia.

Usiku mmoja Gideoni alishuka kwa siri pamoja na Pura, mtumishi wake, hadi ukingoni mwa kambi ya Wamidiani. Watu wale walijaa bondeni kama nzige, na ngamia wao hawakuhesabika. Gideoni alikuwa amebakiwa na watu 300 tu kati ya 32,000. Huko gizani alimsikia askari mmoja akimsimulia mwenzake ndoto. Ameota mkate wa shayiri ukibingirika na kuingia kambini. Ukaipiga hema, hema ikaanguka na kupinduka. Mwenzake hakucheka. Alisema mara moja kwamba huo ni upanga wa Gideoni. Tutafakari jambo hili: shayiri ilikuwa chakula cha maskini, nalo jeshi kubwa lilikuwa halipati usingizi kwa sababu ya mkate.

Hofu ya namna hii twaweza kuitazama kwa mfano wa siku zetu, ambao vijana wetu wapenda michezo huenda wanaufahamu kuliko wazee. Ni mfano wa mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, ambayo kwa kawaida huanza mwezi wa Machi. Timu hupangwa katika makundi manne, na katika kila kundi hupewa namba kuanzia 1 hadi 16, kwa kadiri ya nguvu zake. Namba 1 huanza kwa kucheza na namba 16. Ashindwaye mara moja hurudi nyumbani, hakuna marudiano. Tangu mwaka 1985, mashindano yalipopanuliwa yakawa ya timu 64, wakubwa hao walikutana na wadogo hao mara 135, na mara zote 135 mkubwa alishinda.

Mtu angedhani kwamba shabiki wa timu kubwa hulala fofofo usiku wa kuamkia mchezo kama huo. Sivyo. Akili yake yamwambia, “Mara 135.” Moyo wake wamjibu, “Iko siku.” Anajua kwamba timu yake ikishinda hakuna atakayempongeza, kwa maana ndivyo watu walivyotazamia. Ikishindwa, nchi nzima itacheka. Hata wasio na timu uwanjani wamekwisha kuchukua upande wa mdogo. Tena mchezo ni wa dakika 40 tu, na mpira urushwao kutoka mbali ukiingia kikapuni huhesabiwa pointi tatu. Vijana wasio na la kupoteza, mikono yao ikiwa mizuri siku ile, waweza kumwangusha yeyote. Na shabiki hana la kufanya. Mchezaji aweza kukimbia na kuzuia. Shabiki ameketi tu, mikono mitupu, tumbo likimsokota.

Siku hiyo ilifika tarehe 16 Machi 2018, katika mji wa Charlotte. Chuo Kikuu cha Virginia kilihesabiwa kuwa cha kwanza katika nchi nzima. Kilikuwa kimeshinda michezo 31 na kushindwa miwili tu. Kilipangwa na UMBC, chuo cha jimbo la Maryland kilicho karibu na Baltimore, ambacho wengi walikuwa hawajapata kulisikia jina lake. Wakati wa mapumziko walikuwa sare, 21 kwa 21. Ndipo mkate wa shayiri ulipobingirika. Virginia ilisifiwa kwa ulinzi wake kuliko timu zote. Ilizoea kumruhusu mpinzani pointi kama 54 katika mchezo mzima. Vijana wa UMBC walipata 53 katika kipindi cha pili peke yake. Mchezo ukaisha 74 kwa 54.

Mwaka uliofuata Virginia ilipewa tena namba 1. Tarehe 22 Machi 2019, huko Columbia, South Carolina, ilisimama mbele ya namba 16 mwingine, Gardner-Webb, chuo kidogo cha North Carolina. Tuifikirie mioyo ya mashabiki wale. Safari hii hawakuogopa jambo lisilowahi kutokea. Walikuwa wameliona kwa macho yao. Na katika kipindi cha kwanza wale wadogo waliongoza kwa pointi 14. Hadi mapumziko, Virginia ilikuwa bado nyuma, 30 kwa 36. Waweza kuwaza jinsi ukimya ulivyoshuka nyumbani kwao Charlottesville. Virginia iliinuka, ikashinda 71 kwa 56. Nadhani wengi siku ile hawakufurahi. Walishusha pumzi tu.

Ndugu zangu, hofu hii ina mambo matatu ya kutufundisha.

Kwanza, yatuonyesha mahali tulipoiweka hazina yetu. Mpinzani ni mdogo. Kinachoogopesha ni aibu ya kushindwa na mdogo. Mtu anayeitetemekea aibu hiyo ameufanya ukubwa wake kuwa nafsi yake. Akiondolewa namba 1 hajui yeye ni nani. Wahenga walisema, “Aliye juu mngoje chini,” nasi twapenda kuitumia methali hiyo kwa jirani. Ni wachache wanaoisikia wakiwa wenyewe juu ya ngazi. Je, sisi hatumo? Iko kwaya kongwe inayokosa raha mtaa mdogo unapoleta kwaya yake mpya. Yuko mzee wa kanisa anayekunja uso kijana wa juzi anaposimama kusoma somo na watu wote wakanyamaza kumsikiliza. Yuko mama aliyeongoza umoja wa akina mama miaka mingi, na sasa kila jina jipya likitajwa moyo wake unaruka. Hatusemi kwamba tunaogopa. Husema, “Wale bado wachanga,” au, “Utaratibu haukufuatwa.” Lakini usiku, tukiwa peke yetu, twaota mkate wa shayiri.

Pili, mdogo hana kosa. Hofu huzaa chuki upesi. Shabiki mwenye wasiwasi huanza kuwatazama wale vijana wa chuo kidogo kana kwamba wamekuja kumwibia kitu. Hawakuiba. Walifanya mazoezi asubuhi na jioni kama wengine. Nao wana wazazi wao wanaowaombea. Ushindi haukuwa mali ya Virginia kabla ya mchezo kuchezwa. Kutangulia si kufika. Na hapa yatupasa kumpa sifa Tony Bennett, aliyekuwa mwalimu wa Virginia wakati ule. Usiku ule wa Charlotte hakulaumu waamuzi wala bahati. Alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba wenzake wamewazidi kabisa, akawasifu. Mtu awezaye kumsifu mdogo aliyemwangusha, huyo hofu imekwisha kumpungukia nguvu. Basi na sisi, huyo tunayemwogopa kanisani au kazini, tumepata kumsifu hata mara moja kwa kinywa chetu, naye akisikia?

Tatu, na hili ndilo kubwa, dawa ya hofu hii si kuhakikishiwa ushindi. Huenda mtu akasema, “Lakini Virginia walishinda hatimaye.” Ni kweli. Mwaka ule wa 2019 waliendelea hadi mwisho, nao zaidi ya mara moja walipita kwenye tundu la sindano. Dhidi ya Purdue, Mamadi Diakite, mzaliwa wa Guinea, alirusha mpira sekunde za mwisho kabisa ukaleta sare, wakashinda katika dakika za nyongeza. Dhidi ya Auburn, Kyle Guy alisimama peke yake mstarini kurusha mitupo mitatu ya adhabu, wakiwa nyuma kwa pointi mbili, muda uliobaki ukiwa chini ya sekunde moja. Yote mitatu ikaingia. Kijana huyo alikuwa ameeleza waziwazi jinsi wasiwasi ulivyomtesa. Tarehe 8 Aprili, katika mji wa Minneapolis, waliishinda Texas Tech 85 kwa 77, wakawa mabingwa.

Lakini tusihubiri kwamba kila aliyeaibishwa atavikwa taji mwaka unaofuata. Haiko hivyo. Mwaka 2021 Virginia ilirudi kwenye mashindano ikashindwa mchezo wa kwanza kabisa na Chuo Kikuu cha Ohio, kilichokuwa namba 13. Na Purdue, iliyokuwa na mchezaji mrefu sana, Zach Edey, mwenye urefu wa kama sentimeta 224, ilikuwa namba 1 mwaka 2023, ikaangushwa 63 kwa 58 na Fairleigh Dickinson, timu ya wachezaji wafupi kuliko timu zote za daraja la juu. Mwaka 2024 Purdue ilijikaza ikafika fainali, na huko ikashindwa na Connecticut 75 kwa 60. Hakuna taji. Je, basi jitihada yao yote ilikuwa bure?

Hapa ndipo tunapomhitaji Petro. Yeye naye alikuwa namba 1. Aliahidi mbele ya wote kwamba yu tayari kwenda na Bwana gerezani na hata kufa. Na bustanini, mbele ya watu wenye silaha, kweli alichomoa upanga. Mkubwa hakumwangusha. Aliyemwangusha ni kijakazi, usiku uleule, pale uani kwenye moto: msichana asiye na silaha wala cheo, mwenye maneno machache tu. Jogoo akawika. Bwana akageuka akamtazama. Petro akatoka nje akalia kwa uchungu.

Kisha wakakutana tena kando ya bahari, penye moto mwingine wa makaa. Bwana hakumuuliza kama safari hii atashinda. Hakumtaka aahidi kwamba hataanguka tena. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, na mara tatu akamkabidhi kondoo wake. Petro alitambua kwamba amekwisha kushindwa mbele ya watu, kwa aibu yote, na bado anapendwa, na bado ana kazi. Hofu ya namna ile ingemtisha kwa kitu gani tena?

Ndugu, mtu aliyejua hivyo aweza kuingia uwanjani mbele ya mdogo au mkubwa, akacheza kwa nguvu zake zote, na akalala usingizi. Tony Bennett aliwarudia vijana wake neno alilolipata kwa msimulizi mmoja wa hadithi: kwamba mapigo, mtu akijifunza kuyatumia vizuri, huweza kumlipia nauli ya kufika mahali ambapo asingefika kwa njia nyingine. Kwa Mkristo mahali hapo si lazima pawe penye vikombe na vigelegele. Ni pale kando ya bahari, ambapo mtu aliyevuliwa ukubwa wake anasikia jina lake likiitwa.

Basi tufanye nini? Kila mmoja wetu amtafute katika moyo wake yule mdogo anayemkosesha usingizi. Huenda ni mwenzako kazini aliyeajiriwa juzi. Huenda ni mdogo wako wa tumbo moja, ambaye watoto wake wanasoma vizuri kuliko wako. Huenda ni mtaa ulioanza chini ya mwembe na sasa sadaka yake inakaribia yetu. Mtaje mtu huyo katika sala kwa jina, si ili ashindwe, ila Mungu ambariki. Halafu mwendee, umshike mkono. Na yule kati yetu ambaye amekwisha kuanguka mbele ya mdogo, naye tangu siku ile anakaa viti vya nyuma au haji kabisa, tumfuate nyumbani kwake wiki hii. Tusimweleze kwamba atashinda mwakani; hilo hatulijui. Tumwambie kwamba nafasi yake ingalipo, na kwamba kondoo bado wanamngoja.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyemtazama Petro jogoo alipowika, ututazame na sisi tulio juu na tunaoogopa kushuka. Utuondolee chuki kwa wadogo unaowainua. Tukishinda, tukumbuke kushukuru. Tukishindwa, tusijifiche usoni pako. Utufundishe kukupenda kuliko nafasi zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.